Marine ya Slabu

Siku yangu ya kwanza kazini, Kitengela, nilifika na shati jeupe nikidhani kuuza mbao ni kazi ya ofisi. Meneja, mtu mfupi wa sauti kubwa, alinipeleka moja kwa moja stoo akanisimamisha mbele ya plaiwudi.

"Ipi nzuri?"

Nikaonyesha yenye uso laini.

"Unachagua bibi? Wacha sura. Angalia ukingo!"

Plaiwudi, kwa nyinyi mnaoanza kazi za hardware, ni tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, moja ikilala huku, nyingine kule. Ukingoni ndiko unaona kama tabaka zimekutana ama zimeacha pengo. Maji yakipata pengo, hayatoki. Ukiwa na shaka unakata kipande, unakichemsha, unakikausha. Kikifunguka kama kitabu, hiyo plaiwudi ni ya mgongo wa kabati. Mke wangu alipoteza sufuria mbili kwa elimu hii.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kajiado, chini ya Msimamizi, mama mpole sana. Mimi mtu wa nyumbani nililalamika kama ninayepelekwa ng'ambo. Huko ndiko nilizoeana na Mwalimu Okoth, aliyekuwa karibu kustaafu. Siku moja akaja.

"Mzee wa mbao, nataka marine. Mimi na ndugu yangu Odera tunajenga mashua ndogo, tuende nayo kwetu ziwani."

Sasa, huku kwetu marine ni ile bodi nyeusi ya kumwagia slabu, sakafu ya zege ya ghorofa. Mafundi wote huiita hivyo. Inamwagiwa zege mara kadhaa, inatupwa. Mwalimu alikuwa amesoma kitabuni kuhusu marine nyingine, plaiwudi ya vyombo vya majini, isiyo na pengo hata moja ndani. Meneja aliwahi kunieleza tofauti hiyo, lakini nani Kajiado huulizia mashua? Nilikuwa nimeisahau.

"Ni marine ya kweli?" akauliza.

"Mwalimu, marine ni marine. Ama unataka niiogelee kwanza?"

Tulicheka wote. Ukingo wa bodi hizo hupakwa rangi, na ili uone tabaka lazima ukwangue kwa kisu. Kisu nilikuwa nacho mfukoni. Lakini ilikuwa karibu saa saba, na akili yangu ilikuwa kwa githeri ya mchana. Sikukwangua.

Yeye na Odera waliijenga mashua nyuma ya nyumba za walimu. Wachungaji wakipita na ng'ombe waliuliza, "Mwalimu, maji utaleta na nini?" Odera aliwajibu kwamba atawaomba wao wateme mate. Kisha ikapakiwa kwenye lori, ikaenda.

Miezi michache baadaye Mwalimu alirudi peke yake, na kipande cha bodi kilichofungwa kwa gazeti. Sakafu ya mashua ilikuwa imefunguka Odera akiwa ndani, mbali na ufuo. Walimpata siku ya tatu.

Nilisubiri matusi. Hakuyaleta.

"Nionyeshe mahali ningeangalia," akasema.

Nikakwangua rangi. Pengo lilikuwa pale, ukucha wangu uliingia.

"Kumbe inaonekana."

"Si wewe ulifaa kuona, Mwalimu. Ni mimi."

Alitikisa kichwa polepole. Akakifunga kipande chake, akasema, "Asante, mzee," akaondoka nacho.

Tangu hapo kila aliyetaka marine nilimuuliza: ya slabu ama ya maji? Vijana wa stoo walinicheka. "Mzee, maji gani Kajiado?" Niliwaacha wacheke. Wa maji niliwaambia hatuna.

Siku ya kuniaga nikistaafu kulikuwa na soda na keki, na Msimamizi akasimama kunisifu. "Katika miaka yake yote hapa," akasema, "hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudisha ubao wa mzee huyu."

Alisema kweli. Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kuwachekesha. Niliikunja, nikakaa.