Bei ya Kuponi Nilidhani Ni ya Kuanzia

Mwaka 1984, nikiwa na miaka tisa, ukame uliua ng'ombe wote wa baba. Shule yangu iliishia hapo. Hesabu nilijifunzia kwenye soko la ngamia hapa Garissa, na mpaka wiki jana hakuna aliyewahi kunishinda kupatana bei.

Wiki jana binti yangu akaniwekea kuponi ya sukari kwenye simu. "Aabo, mwonyeshe keshia tu, atapunguza."

Atapunguza! Basi hiyo ni bei ya kuanzia. Nikamwapia Dubow, mshindani wangu sokoni: "Twende uone, walahi nitaishusha mpaka ilie!"

Kule supamaketi nikamwonyesha keshia simu, nikafunika mkono wake kwa shali yangu, nikambana vidole vitatu, vile tunavyotajiana bei ya ngamia bila wengine kujua. Akaikodolea shali macho. Moyo ukanidunda kwa furaha: analegea! Nikabana viwili, nishushe zaidi.

"Adeer, mzee wangu, niachie mkono!" akapiga kelele. "Mashine imeshapunguza zamani!"

Foleni nzima ikageuka. Dubow akauliza kwa sauti, "Kwani unamnunua keshia mwenyewe?"

Leo nina ngamia arobaini, nyumba mbili za mawe, lori moja, na sukari kilo kumi, kwa bei ya mashine.