Mama Nyuzi na Rekodi za Chuma

Shangazi yangu alifanya kazi moja tu maisha yake yote: kufunga nyuzi za raketi za tenisi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya viwanja vya klabu, katikati ya bomba la maji na stoo ya nyavu, kidogo kiasi kwamba mteja mnene ilibidi aongelee mlangoni. Mle ndani mlikuwa na mashine ya kukazia nyuzi, kiti kimoja chenye mto, na dirisha lililoonyesha kiwanja namba mbili basi. Watu walimwita Mama Nyuzi naye aliitikia, ingawa tenisi yenyewe hakuwahi kuicheza hata dakika moja.

"Nikimbie juani ya nini?" alikuwa akisema. "Mpira unaniletea habari zake hapahapa."

Habari hizo alizisoma kwenye nyuzi. Mchezaji wa kawaida hupiga mpira huku na kule kwenye raketi, kwa hiyo nyuzi zake huchakaa ovyo, kama zulia la sebuleni. Lakini alikuwepo mwanamke mmoja, bingwa wa taifa mara kumi na nne, ambaye raketi zake zilichakaa mahali pamoja tu: duara dogo lisilozidi kifuniko cha soda, juu kidogo ya katikati. Kwingine kote nyuzi zilikuwa kama zimetoka dukani. Bingwa huyo watu walimwita Chuma. Shangazi alimfungia nyuzi tangu akiwa msichana wa shule hadi siku alipotundika raketi, ana miaka thelathini na saba na kombe la kumi na nne mkononi. Hakuna aliyewahi kulichukua mara nyingi hivyo, wala katika umri mkubwa hivyo.

Je, atatokea wa kumpita? Klabu nzima ililitafuna swali hilo kila mwaka mashindano yakikaribia. Shangazi hakubishana na mtu. Kila raketi iliyoingia, kabla ya kukata nyuzi, aliinyanyua dirishani akaikagua kama anayepima shati la mitumba. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini.

"Duara," alinijibu.

Alitafuta miaka kumi na sita, akaambulia mazulia matupu.

Kisha asubuhi moja mlinzi wa geti akamletea raketi kuukuu, mpini umeviringishwa plasta ya hospitali. Shangazi akainyanyua dirishani. Akaishusha, akapangusa miwani, akainyanyua tena.

"Bwana mlinzi! Hii ya nani?"

"Ya dada mmoja, muuguzi. Hupita hapa alfajiri kabla ya kuingia zamu, anapiga mpira kwenye ule ukuta wa nyuma. Nilimruhusu, maana hamsumbui mtu. Kwani kaharibu kitu?"

"Hajaharibu. Ndiyo maana nauliza."

Siku mbili baadaye, shangazi ambaye hakuwahi kufika kazini kabla ya saa mbili, alikuwa ukutani kabla hata wafagiaji hawajafika, raketi iliyofungwa upya iko kwapani. Muuguzi alipotokea, ameshavaa sare na viatu vya raba, shangazi alimkabidhi raketi akasema, "Piga nione." Yule dada alicheka kwa aibu, lakini akapiga. Mpira ulikwenda ukutani na kurudi, kwenda na kurudi, kwa sauti ileile, na ukutani uligonga alama ileile.

"Nani kakufundisha, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Shuleni tulikuwa wanne, wenzangu wakahama mmoja mmoja. Nikabaki na ukuta."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

Shangazi alijumlisha kichwani, thelathini na moja na kumi na nne, akajisemea kwamba hapo basi, hakuna rekodi. Hata hivyo hakutulia. Mchana alivuka hadi kiwanja namba mbili, ambako Chuma, goti limefungwa bendeji, alikuwa akifundisha watoto kushika raketi.

"Nina swali," shangazi akamwambia. "Unataka rekodi zako zivunjwe au hutaki? Nijibu mimi, siyo redio."

Chuma alicheka, kisha akaacha kucheka. "Dada, redioni nasema nataka. Nyumbani, yule binti anayetamba siku hizi, mwenye makombe matatu, akifungwa, chai yangu inakuwa tamu."

"Nilijua. Kuna mtu nataka umwone."

"Wa kunivunjia rekodi?"

"Wala. Umri umemtupa mkono. Nataka tu kujua ni kitu gani nimekiona."

Siku ya kwanza Chuma alimfunga muuguzi sita bila, goti bovu na yote. Yule dada alizoea mpira unaorudi jinsi alivyoupiga. Huu ulitoka kwa mtu mwenye akili zake, ukaruka pembeni, ukafia karibu na wavu, ukamwacha amesimama kama mgeni aliyepotea njia. Lakini Chuma hakumcheka. Alikwenda wavuni, akaomba raketi yake, akazitazama nyuzi muda mrefu.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," akasema.

"Kesho niko wodini."

"Basi keshokutwa."

Ikawa hivyo miaka saba, wakipangana na ratiba ya wodi. Mashindano ya kwanza muuguzi alitolewa mapema hata jasho halijamtoka. Mwaka wa tatu alifika robo fainali. Mwaka wa tano alifika fainali na kufungwa na yule binti, ambaye sasa makombe yake yalishafika saba. Watu wakaanza kumhesabia binti: saba, bado saba. Muuguzi hakuna aliyemhesabia kitu, isipokuwa shangazi. Siku moja katika mwaka wa saba aliacha mashine katikati ya kazi, akamfuata Chuma.

"Umeshaona kwamba akishinda mwaka huu atakuwa na thelathini na nane, mmoja zaidi yako?"

"Nimeliona zamani," Chuma akasema. "Nilikuwa najiuliza wewe utaliona lini."

"Na bado unamfundisha?"

Chuma alijikuna shingo. "Dada, hata mimi nataka kujua."

Fainali ya mwaka huo nilikwenda na shangazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa jukwaani, na alilalamika kwamba benchi halina mto. Binti alichukua seti ya kwanza bila taabu. Ya pili muuguzi aliinyakua kwa jasho. Ya tatu ilivutana mpaka tano tano, na hapo niligundua kwamba shangazi hatazami mpira kabisa. Alikuwa akimtazama Chuma.

Muuguzi alishinda saba tano. Jukwaa zima lilisimama, watu wakarusha kofia. Chuma alibaki ameketi, mikono mapajani, macho kiwanjani. Shangazi akamwinamia.

"Vipi?"

"Imeuma," Chuma akasema. "Imeuma kweli, dada. Sikudhani." Kisha akashika bega la shangazi, akajiinua kwa lile goti lake, akapiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu. "Twende chini. Asije akaanza kulia peke yake."

Mwandishi wa gazeti alimkuta njiani, akamuuliza kama sasa na ile ya makombe kumi na nne itaanguka, maana binti ana manane na umri bado anao.

"Muulizeni yeye," Chuma alijibu. "Mimi nitakuja kutazama."

Jumatatu muuguzi alikuwa wodini kama kawaida, akibadilisha bendeji za watu wasiojua lolote la kombe. Jioni alipita kwa shangazi kuacha raketi. Shangazi alimkaribisha kiti chake chenye mto, jambo ambalo sijamwona akimfanyia mtu mwingine, akamuuliza kama mwakani atarudi.

"Sijui, mama. Wewe unaonaje?"

 Shangazi alimwambia alete na raketi yake ya akiba, amfungie zote mbili.