Sentensi ya Mwisho ya Makala

Mhadhiri ninayemsaidia utafiti hapokei sifa isiyo yake. Ukimsifia chai, atanielekezea kidole: "Kapika huyu." Akisoma, midomo humcheza bila sauti na kidole gumba husugua ukingo wa meza. Leo kilisugua bila kupumzika. Wahariri wa jarida waliitaka makala yake kabla ya saa sita mchana, na bila hiyo hapandi cheo mwaka huu. Mwishoni aliandika kwamba mahojiano yalitafsiriwa kwa akili mnemba, nasi tukayahakiki neno kwa neno. Mwandishi mwenzake alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Dada, futa hiyo. Watasema kazi yote kafanya mashine."

"Ilichofanya nimekitaja. Kingine hakuna."

"Wakiikataa je?"

"Nitabaki na cheo nilicho nacho."

"Basi toa jina langu."

Kidole kilitulia. "Sehemu ya tatu uliiandika wewe, kaka. Ukitoka, nayo inatoka, na makala haiendi. Sitasema niliiandika mimi." Akaondoa mkono kwenye kipanya, akasubiri.

Mwenzake aliitazama saa ya ukutani, akaisoma tena sentensi ile.

"Tuma, dada. Tuma kabla sijabadili mawazo."

Akatuma. Kidole gumba kikarudi ukingoni mwa meza.