Fuwele Niliyoiweka Nje ya Mkebe Wake

Mwacheni Drani, jamani! Mkosaji ni mimi.

Tulikuwa wawili hapa Arua, tukitengeneza kigunduzi cha mnururisho, ile miale isiyoonekana inayochoma mwili, kwa ajili ya soko la vyuma chakavu kule Koboko. Vyuma vinaingia kutoka Kongo, na hakuna anayejua vilikuwa kwenye mashine gani. Drani ndiye fundi. Mimi nilisoma fizikia, kwa hiyo nilikijenga kwanza ndani ya kompyuta, tujue kitaona nini.

Ni umbo ndani ya umbo. Kuna chumba, ndani yake kasha la risasi, ile metali nzito inayozuia miale, ndani ya kasha mkebe, ndani ya mkebe fuwele, ambayo ndiyo jicho lenyewe. Kila umbo hupimwa kutoka katikati ya lile linalolibeba. Mimi fuwele nikaipima kutoka katikati ya chumba! Kwenye kompyuta ikaelea nje ya risasi, ikawa inaona kila upande.

Na programu ilinionya! Iliandika kwamba fuwele imetokeza nje ya mkebe. Nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha wafadhili. Nikazima ukaguzi.

"Dada, risasi nikate nene hivi?" Drani aliuliza.

"Fuata mchoro. Kompyuta inasema kitaona pande zote."

"Haya. Wewe ndiye unajua."

Tulikijaribu kwa kuweka chanzo kidogo cha mnururisho mbele, penye dirisha la kasha. Kikalia. Tukakumbatiana!

Kisha Mama Furaha, Mkongomani anayeuza vyuma, akapitisha mzigo wake ubavuni mwa kigunduzi. Kimya. Kipande kimoja kizito akakipenda, akakipeleka nyumbani kuzuilia mlango.

Vidole vyake vilivimba, vikatoka malengelenge, vikaoza. Vingine vimekatwa.

Sokoni walimzunguka Drani. "Ni wewe mutu ulikata vibaya! Chombo yako iko kipofu!" Nilikuwa nimesimama palepale. Sikufungua mdomo. Ole wangu!

Nilirudi nikafungua picha ya kigunduzi kwenye kompyuta, nikaizungusha. Fuwele ilikuwa inaning'inia hewani, peke yake, ilhali ile ya kweli imezibwa na risasi kila upande isipokuwa mbele. Nikampigia Drani, nikamweleza.

"Ulionywa?"

"Nilionywa."

Akakata simu. Amerudi kwao Kuluba kulima, na simu zangu hapokei.

Wakuu wa soko nimewaambia, kigunduzi kimeondolewa. Lakini nani atawaambia wale waliomtukana? Ndiyo maana naandika.

Nilikwenda hospitali kumwomba Mama Furaha msamaha. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, watoto walikuwa wanakalia ile chuma. Wao watakuwa namna gani?"

Nikawaleta wapimwe.

Wewe unayejenga vitu kwenye kompyuta, nakusihi, jiulize kila kipimo kimeanzia wapi. Zungusha picha, uitazame kwa macho yako. Onyo likitokea, usilizime, hata kama wageni wako mlangoni. Watoto wa Mama Furaha wametolewa damu leo, na mimi nimekaa hapa nje ya maabara ya hospitali, nasubiri majibu, naogopa mlango usifunguliwe, naogopa ufunguliwe.