Mota ya Mwinjilisti wa Yakobi

Amon hakuwa mwizi. Tulitangulize hilo, maana watu wa Makambako wana midomo, na ukisema tu fundi kakosea wanataka kujua kaiba nini. Alikuwa fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na stendi, na ndiye aliyeanza kuwafungia watu wa pale mjini mota za umeme kwenye baiskeli zao. Upepo ulimpigia mabati mchana kutwa, naye ndani anapiga domo huku mikono ikifanya kazi. Ukimgusia habari za mota, utamwomba mwenyewe anyamaze.

Mota alizigawa mafungu mawili, na alivyozieleza hata bibi wa sokoni alielewa. Kuna ile kubwa, nzito, isiyo na gia ndani, iliyosukwa kwa ajili ya mbio. Hiyo ni ya tambarare. Ukiipata lami iliyonyooka utashika kofia. Halafu kuna ndogo yenye gia ndani, haina haraka, lakini ukiipa mlima na mzigo inapanda huku inanung'unika tu. Na kontrola, kile kiboksi kinachoigawia mota umeme wa betri, lazima kiendane na mota na betri vyote viwili. Kikizidi ukubwa, mota inalishwa umeme kuliko inavyoweza kumeza, inachemka. "Kwanza niambie unakaa wapi," aliwaambia wateja, "ndipo nikuambie ufunge ipi." Maneno yake mwenyewe hayo. Laiti angeyafuata!

Siku hiyo alikuja Mama Idda, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika mmoja wa Kilutheri kule Yakobi, Njombe. Kwenye gari alikuwa na baiskeli ya Mwinjilisti Ezekia. Goti la mzee lilikuwa limeanza kumgomea, na bado alitaka kuwafikia wagonjwa wote na wafiwa wote wa mtaa wake. Wanawake wakakubaliana afungiwe mota, na baiskeli iwekwe wakfu Jumapili ya mavuno mbele ya watu wote.

"Mzee Ezekia?" Amon akaruka. "Si ndiye aliyenifundisha kipaimara! Yule ni baba yangu kabisa. Niachieni mimi."

Sasa hapo ndipo penye kesi. Amon ni mzaliwa wa Yakobi. Kile kilima cha kutoka mtoni kwenda juu kwenye makazi alikijua kwa miguu yake, tangu ujana wake anapandisha viazi vya mama yake mgongoni. Asije mtu akasema hakujua. Alijua. Mota ya gia iliyofaa ilikuwa moja tu pale kibandani, na ilikuwa kwenye baiskeli yake mwenyewe, ile aliyokuwa akipita nayo kimyakimya mbele ya bodaboda wakibaki midomo wazi. Kuagiza nyingine Dar es Salaam kungepitisha sikukuu. Angeweza kumwambia Mama Idda, "Subirini." Angeweza kuifungua ya kwake, akabaki na ile ya mbio, maana Makambako ina mlima gani? Hakufanya hata moja. Alichukua ile kubwa iliyokuwa imekaa rafuni muda mrefu, akaifunga, na ili isionekane goigoi wakati wa kuondoka, akaiwekea kontrola kubwa.

"Kwa kontrola hii itapanda tu," akajiambia. Akajua anajidanganya. Mtu hujua kabisa anapojidanganya, ila hugeuza uso upande wa pili.

Mzee Ezekia alikuja mwenyewe kuijaribu. Amon akampeleka pale barabara ilipolala sawa, mzee akagusa kile kitufe cha mkononi, baiskeli ikachomoka. Alicheka hadi machozi.

"Mwanangu, hii si itaniua?"

"Itakubeba, Baba Mwinjilisti."

"Haya. Wewe ndiye unayejua. Mimi nimekuachia."

Amon akainama kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. Yale maneno ya kuachiwa yalimkera kuliko matusi, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Jumapili ya mavuno ikafika. Mbele ya madhabahu kulikuwa na mahindi, viazi, maparachichi, kuku waliofungwa miguu, na katikati yao baiskeli ya Mwinjilisti imevishwa utepe. Mchungaji akaiombea, akaiombea na mikono iliyoitengeneza. Nje, kwenye mnada wa sadaka, Mama Idda akanunua jogoo mkubwa akamkabidhi fundi, vigelegele vikapigwa, akina mama wakamzunguka wakiimba. Amon alitabasamu kama wanavyotabasamu watu kwenye picha ya pasipoti. Baridi ya Njombe ilikuwa ya kukata masikio, naye jasho linamtoka chini ya koti. Aliona haya hadi akatamani yule jogoo atoroke.

Baada ya hapo, kimya. Hakuna aliyepiga simu kulalamika. Kimya hicho kikamfaa Amon. Akakifanya kuwa habari njema. Lakini alikuwa anawajua watu wake. Kitu kikishawekwa wakfu pale kwao hakisemwi vibaya. Kengele yao iliwahi kupasuka muda mfupi tu baada ya kuombewa, na waumini wakakaa mwaka mzima wakisema ina sauti nzito. Nani basi angeinua mdomo kusema baiskeli iliyoombewa mbele ya madhabahu ni mbovu? Amon alilijua hilo, akajificha nyuma yake.

Akakaa hivyo hadi alipokwenda Yakobi kumwona mama yake. Alishuka kwenye gari, akavuka daraja la mto, na alipoinua macho kukitazama kilima, lo! Katikati ya mteremko alimwona mtu ameshika usukani wa baiskeli anasukuma, na nyuma yake mwanamke ameinama, viganja kwenye kibebeo, naye anasukuma. Ni Mwinjilisti Ezekia na mkewe, Mama Feliciana. Ule utepe bado ulikuwepo, umeshachakaa.

Amon alikimbia, akaishika baiskeli. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu! Aa, usitushangae, tunanyoosha viungo tu." Mzee alikuwa anahema. "Usidhani kazi yako ni mbaya. Mbovu ni mimi. Naona sijajua kuiendesha. Inafika hapa inazimika, labda nina uzito. Umri nao ndiyo huu."

Amon akagusa mota. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Akaondoa mkono, akashindwa kuutazama uso wa mzee. Mota ile ikizimika ni chuma kitupu. Baiskeli hiyohiyo ya mzee, kabla ya kufungwa mota, ilikuwa nyepesi mara nyingi kuliko sasa. Wao watatu wakaisukuma hadi juu.

Mzee alipoingia ndani kubadili shati, Mama Feliciana alimvuta Amon pembeni ya zizi.

"Mwanangu, mimi siwezi kunyamaza. Yeye ananikataza, anasema kitu kimeombewa. Lakini mama yake Dorika, yule uliyesoma naye, amekufa, umesikia?"

"Nilisikia, mama."

"Alipozidiwa alimwita Mwinjilisti aje asali naye. Huyu akatoka mbio, akasema ana mota sasa, hachelewi. Ikamzimikia pale pale kilimani. Ameisukuma na goti lile peke yake hadi juu. Amefika, wanamfunika uso mama wa watu. Dorika akamwambia mbele ya watu kwamba alikuwa anazunguka kujionyesha na mota yake mpya. Tangu siku hiyo Dorika haingii kanisani. Na huyu mzee hajajitetea. Anasema Dorika ana haki ya kukasirika."

Kwa mama yake Amon alikaa bila kula, mama anamuuliza kama anaumwa, naye anasema ni safari tu. Roho ilikuwa inamsuta bila huruma. Alijua ni nani hasa aliyekuwa anazunguka na kujionyesha, na ni kwenye baiskeli ipi.

Akarudi Makambako, akaifungua baiskeli yake mwenyewe. Akatoa mota ya gia, akatafuta kontrola ndogo inayolingana nayo na betri ya mzee, akafunga vyote kwenye mfuko, akapanda gari kurudi Yakobi. Alifanya kazi uwanjani kwa Mwinjilisti hakusema neno, jambo ambalo kwa Amon lilikuwa ajabu la kutosha kuwatisha kuku. Alipomaliza walishuka pamoja hadi mtoni. Mzee akapanda, akagusa kitufe. Baiskeli haikuchomoka. Ilianza polepole, ikanung'unika, ikapanda, ikapita pale pa kuzimikia, ikaenda zake hadi juu. Amon akafuata kwa miguu.

Alimkuta Mwinjilisti ameshuka, ameegemea usukani, hacheki.

"Kumbe ilikuwepo ya namna hii."

"Ilikuwepo, Baba."

"Hata siku ile nilipokuja kwako?"

"Hata siku ile. Ilikuwa kwenye baiskeli yangu. Nilijua ile nyingine haitapanda hapa. Nilijua, Baba, nikakufungia. Nisamehe."

Mzee akatazama miti ya paina ng'ambo ya bonde.

"Mimi nimekusamehe," akasema mwishoni. "Goti langu nalo limekusamehe, ingawa lilikuwa na maneno zaidi yangu. Lakini mimi sikufiwa na mama, Amon."

"Nikamwambie nini Dorika?"

"Hilo sikufundishi. Kipaimara ulishamaliza."

Dorika alikuwa nyuma ya nyumba anachagua mbegu za viazi, zenye macho mazuri huku, zilizooza kule. Alifurahi kumwona, walisoma pamoja.

"Kamwene, kaka Amon! Kaa hapo, kigoda kile kizima."

Amon hakukaa kwanza. Alijua akikaa ataanza kuuliza habari za viazi, na jua litakuchwa. Akasema akiwa amesimama, yote, kuanzia rafuni hadi kilimani. Akasema Mwinjilisti hakuchelewa kwa kujionyesha, alikuwa anasukuma. Akasema mota nzuri ilikuwepo, akaificha chini ya makalio yake mwenyewe. Kisha akakaa.

Dorika aliendelea kushika kiazi kilekile. Alipoanza kusema hakumtazama.

"Mama alikuwa ananiuliza kila mara, 'Ezekia amefika wapi?' Nikamwambia yuko njiani. Akaniambia basi nianze mimi kuimba, nimwimbie wimbo wake ule wa asubuhi, pumzi inamwishia. Mimi, kaka Amon, nikamkatalia mama yangu. Nikamwambia, 'Tulia mama, siku hizi Mwinjilisti ana mota, kilima kile si kitu kwake, subiri aje tuimbe wote.' Akanisikiliza. Akanyamaza anasubiri."

Akaweka kiazi chini.

"Alikuwa anausikilizia mlango, na mimi nipo hapo na sauti yangu nzima."

"Dorika, naomba..."

"Usiniombe leo," akasema. "Leo nina mzee wangu wa kwenda kumwomba msamaha mimi."

Akajifuta mikono, akajitanda kitenge, akaingia njiani kuelekea kwa Mwinjilisti. Amon alibaki pale kwenye kigoda, akaokota kile kiazi, akaendelea kuchagua mbegu pale alipoishia Dorika.