Kipara Changu na Mafuta ya Bibi Harusi

Juzi sokoni Kamembe, mama mmoja alimrudishia muuzaji niliyekuwa nikipiga naye soga kopo la mafuta ya kujipaka, mchanganyiko wa siagi na nta.

"Maman, iko nakwaruza! Mutoto wangu anaolewa Jumamosi, nimupake mchanga?"

Muuzaji akaninyooshea kidole. "Kosa ni ya huyu mzee. Alinichekesha, nikasahau kuipiga ikipoa. Ndiyo ikafanya punje."

Muuzaji akayayeyusha mafuta upya, akaweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, akayapiga kwa mwiko mpaka yakawa laini kama mtindi.

"Mzee, leta kichwa."

Akanipaka kiparani. Mama wa bibi harusi akapitisha kidole, polepole. "Sasa ndiyo mafuta! Nifungie."

Jumamosi binti atang'aa. Mimi nimeshatangulia kung'aa, na hakuna aliyeniposa.