Nyundo ya Kuazimisha

Jirani yangu anapigilia misumari asubuhi hii, nami bila kuchungulia dirishani najua kwamba amenunua nyundo ya bei rahisi. Nyundo nzuri ikigonga msumari hutoa mlio mmoja, mfupi na mkavu, kisha hunyamaza. Nyundo mbovu hulia mara mbili: kwanza inapogonga, halafu kichwa chake kinapotikisika kwenye mpini. Jambo hili sikulisoma kitabuni, ingawa vitabu vya aina hiyo nimevisoma vingi. Nililijua meno ya utotoni yakiwa bado kinywani, kwenye mteremko wa mashamba ya chai kati ya Chepseon na Kipkelion, katika mwaka ambao dada yangu Chelang'at alikaribia kukosa kuolewa kwa sababu ya nyundo.

Baba alikuwa na chai kidogo, ng'ombe wachache na nyundo moja nzuri sana. Aliipata kwa mzee mmoja wa Kipkelion aliyestaafu kazi ya reli, akampa ndama jike badala yake. Mama hakuwahi kumsahau ndama huyo. Kila nyundo ilipotajwa alikokotoa kwa sauti ndama angekuwa amezaa mara ngapi. Lakini hata yeye alikubali kwamba ilikuwa nyundo kweli kweli. Mpini wake mweusi ulikuwa umelainishwa na mikono ya watu wasiojulikana, na kichwa chake kilikuwa kizito kiasi kwamba kazi yako ilikuwa kukielekeza tu. Mlio wake ulivuka bonde na kurudi.

Kwetu chombo kizuri huazimwa, na kumnyima jirani ni aibu ambayo hakuna mtu angetaka isimuliwe kanisani. Kwa hiyo nyundo ile haikuwa na kwao, na kila aliyekuja kuiazima alikaa kwanza akanywa chai ya Mama. Baba alipoihitaji alisimama uani, akatega sikio, akasikiliza inalia upande gani. "Iko kwa Mama Chebet," angeniambia. "Kimbia kabla haijahama."

Siku moja mvua ya mawe ilitoboa bati letu juu ya kitanda cha Baba. Alisimama uani akatega sikio, asisikie kitu. Nyundo ilikuwa imepelekwa Sigor na jirani aliyekwenda kuwasaidia wakwe zake kujenga ghala la mahindi. Hadi iliporudi, Baba alilala na sufuria kifuani. Nadhani ni chini ya sufuria hiyo alikopata wazo lake.

Alinichukua hadi Chepseon, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Kamau, mtu mpole ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa Nyeri. Baba alimwomba nyundo iliyo mbaya kuliko zote dukani. Kamau alimwekea mbele nyundo mbili, akaeleza kwa subira kwa nini moja ilikuwa ghali. Baba akanyooshea kidole ile nyingine, yenye mpini mwekundu na kichwa kinachong'aa kama kijiko cha wageni.

"Mzee, hiyo ni ya kuning'iniza kalenda," Kamau akasema.

"Hiyo hiyo."

Kamau alijaribu kumwokoa mara nyingine, hata akajitolea kupunguza bei ya ile nzuri. Mwishowe aliifunga nyundo nyekundu katika gazeti kwa huzuni, kama mtu anayempa mtoto wembe.

Mpango ulikuwa huu: nyundo nyekundu iliangikwa kando ya mlango, ambapo kila mgeni angeiona. Ile ya reli ilikaa ndani ya sanduku, na sanduku chini ya kitanda. Aliyeiulizia aliambiwa iko kwa fundi, inawekwa mpini mpya. Mpini huo ulitengenezwa kwa muda mrefu kuliko nyumba yetu.

Baba hakuwa amefikiria mlio. Asingeweza kugonga hata msumari mmoja bila mteremko mzima kujua fundi amemaliza. Akapata suluhisho: mvua. Kwetu mvua huja karibu kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa, na ikipiga mabati humsikii hata anayeongea karibu nawe. Watu walipokimbilia ndani, Baba alivaa gamubuti na lile plastiki la kujifunika wakati wa kuchuma chai, akatoa nyundo sandukuni na kwenda kurekebisha ua. Wapita njia waliojikinga chini ya miti walimwona. Mama, alipoulizwa, alisema mume wake anapenda hewa.

Wakati huo huo Kibet, kijana wa ng'ambo ya kijito, alikuwa akimchumbia Chelang'at. Babake, mzee arap Koros, alikuwa mmoja wa waazimaji wetu wakubwa, na sasa alikuwa akiwajengea vijana nyumba yenye dirisha la kioo, la kwanza kwenye mteremko ule. Siku ya koito ilikuwa imeshapangwa, ile siku upande wa mvulana unapokuja kuomba msichana na kuzungumzia ng'ombe. Arap Koros alikuja kuazima nyundo. Baba alimpa ile nyekundu kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake fundi wa arap Koros alipanda juu ya paa kugongea bati la mwisho. Kichwa cha nyundo kikachomoka mpinini, kikapita hewani kikimetameta na kuingia ndani kupitia dirisha, ambalo lilikuwa limefungwa.

Arap Koros alituletea nyundo yetu, mpini mkono huu na kichwa mkono ule. Aliviweka kwenye benchi kwa adabu, akaomba radhi kwa kutuharibia. Baba alimsamehe.

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini siku chache baadaye, Baba akiwa zizini anapigilia mbao mvua ikinyesha, mvua ilikatika ghafla. Alikuwa amejifunika plastiki masikioni, kwa hiyo aliendelea. Mlio wa nyundo ya reli ukavuka bonde, ukarudi, ukavuka tena. Nilikuwa barazani. Nilimwona arap Koros, aliyekuwa ametoka nje na kuinama kuokota vipande vya kioo, akijinyoosha polepole na kutazama kwetu. Baba naye akamwona. Walisimama hivyo, bonde likiwa kati yao, mpaka arap Koros akainua mkono na kumpungia. Baba hakuwa na mkono mtupu. Alimpungia kwa nyundo.

Siku zilizofuata hakuna habari iliyotoka ng'ambo. Kibet hakuonekana njiani. Chelang'at aliacha kula, akaacha kuimba jikoni, na Mama alipomsihi alijibu kwa sauti ya kufika chumbani kwa Baba: "Mwambie asijali. Nisipoolewa nitakaa hapa nimlindie nyundo."

Hata hivyo walikuja. Siku ya koito, kwa desturi yetu, upande wa msichana ndio wenye kiburi. Wageni huachwa wakingoja, huulizwa ukoo wao mpaka kwa mababu, hutazamwa kwa mashaka. Baba alikuwa ameufanyia mazoezi uso wake. Lakini kabla hajafungua kinywa, msemaji wao, ami yake Kibet, mzee mrefu aliyeweka kofia gotini, aliomba ruhusa.

"Kabla ya maneno ya ng'ombe," akasema, "tuko na swali moja, dogo tu. Huyu msichana tumekuja kuomba, ni yule wa kuazimisha, ama ni yule wa ndani?"

Sisi tulikuwa jikoni, masikio ukutani. Chelang'at alinibana mkono hadi vidole vikafa ganzi. Kisha kule sebuleni tulisikia kiti cha Baba kikisogezwa, hatua zake, na sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Aliileta nyundo mbele ya watu wote na kuiweka mezani, karibu na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha.

"Nyundo yetu ni hii," akasema. "Na msichana ni huyo mmoja. Hakuna mwingine wa mlangoni."

Arap Koros aliichukua, akaipima uzito, akampa aliyeketi kando yake. Ikazunguka mkono kwa mkono, kila mzee akiishika kama anayemsalimia ndugu aliyetoka safari. Kicheko kilianzia nyuma karibu na mlango, kikaja mbele, kikamfikia Baba mwisho. Baada ya hapo hakuwa na uso wa kudai ng'ombe aliokusudia, na alikubali waliotajwa. Mama alisema nyundo ile iliingia kwa ndama na kutoka kwa ng'ombe. Jioni hiyo iliondoka na wageni kwenda kutengeneza dirisha.

Kwa miaka mingi niliichukua habari hii kuwa habari ya chuma. Nilijifunza mwenyewe kwa nini kichwa kile kilichomoka, kabari inayokaza mpini hufanya kazi gani, na chuma kizuri hutambuliwaje. Sinunui kifaa kibaya.

Kisha, si zamani sana, nilikwenda kumwona arap Koros, ambaye sasa ni mzee sana. Kiti chake kilikuwa kinayumba. Aliniambia nipapase juu ya boriti za stoo, na chini ya gunia nikashika nyundo: mpini mweusi, kichwa kizito, alama ya reli. Aliipata, akasema, kwa mzee yule yule wa Kipkelion, kabla ya Baba kupata yake. Siku ya dirisha fundi alitumia ile yetu nyekundu kwa sababu hakujua hii imefichwa wapi.

Nilimuuliza, basi kwa nini alikuwa akija kwetu kuazima. Alinitazama kama mtu anavyomtazama aliyesoma sana.

"Kwa mtu mwenye msichana," akasema, "ningeingia kila wiki nikisema nimekuja kufanya nini?"

Nilikaza kiti chake bila haraka. Nilimfikiria Baba, akilowa mvua alasiri baada ya alasiri ili kuwaficha watu kitu ambacho huenda wengine wao walikuwa nacho. Na nilikumbuka jambo ambalo nikiwa mtoto niliona ni baraka tu, kwa sababu lilinipa kikombe cha pili: kwamba miezi ile ya nyundo nyekundu, watu walipoiona mlangoni wakaaga mapema, chai ya Mama ilikuwa ikibaki kwenye birika.